Uwanja umetoka kwenye baridi na vipara: tuanze na mbolea, mbegu au subira?

#1 Mtunza Kiwanja
Habari zenu wanajukwaa. Ninatunza uwanja wa mpira wa miguu wa klabu ndogo, mahali ambapo theluji hukaa karibu miezi mitatu. Imeyeyuka wiki iliyopita, na nilichokikuta chini yake kimenivunja moyo. Mbele ya magoli yote mawili kumebaki udongo mtupu. Kando ya mstari wa upande wa jukwaa kuna mkanda wa nyasi za kijivu zilizolala chapachapa na kushikana kama karatasi iliyoloa. Katikati, pale maji yanapopenda kutuama, nyasi zina rangi ya majani makavu, nami siwezi kujua kama zimekufa au zimelala tu. Mchanganyiko uliopandwa ni Lolium perenne na Poa pratensis, nusu kwa nusu. Mechi ya kwanza ni baada ya wiki saba. Kamati inataka nimwage mbolea ya naitrojeni kesho asubuhi ili uwanja urudi kijani. Mimi ninaona tungepanda mbegu kwanza. Nani yuko sahihi?

#2 Beki Mstaafu
Mkuu, sijawahi kuuona uwanja ambao hauna kipara mbele ya goli mwishoni mwa baridi. Labda uwe na mlinda mlango anayeelea hewani. Hebu wataalamu waje, ninakaa hapa kusoma.

#3 MiziziKwanza
Hakuna aliye sahihi kati yako na kamati, kwa sababu bado hamjui kilicho hai na kilichokufa. Chukua kisu, kata kipande cha nyasi chenye ukubwa wa kiganja na kina cha sentimita 8 hadi 10, pamoja na udongo wake, kutoka kila eneo unalolitilia shaka. Kata viwili au vitatu kwa kila eneo na uviandike alama ili visichanganyike. Viweke kwenye sinia lenye matundu, ndani ya nyumba, dirishani penye mwanga, uvimwagilie kidogo kidogo. Katika siku 10 hadi 14 kilicho hai kitatoa majani mapya, na kilichokufa kitaendelea kunyamaza.

Kama huna subira ya siku hizo, ng'oa mche mmoja, uoshe udongo wote, kisha uupasue kwa wembe kwa urefu pale chini kabisa, majani yanapokutana na mizizi. Hapo ndipo uhai wa nyasi unapokaa. Ukiona sehemu nyeupe iliyo ngumu kidogo, mche huo utachipua hata kama majani yake yote ni makavu. Ukiona rangi ya kahawia, na ukibonyeza kwa ukucha inabonyea kama ndizi iliyooza, usipoteze muda wako.

Kuhusu mbolea ya kesho, nasema hapana. Nyasi za maeneo ya baridi huanza kukuza mizizi udongo ukiwa bado wa baridi, kabla hujaona jani lolote jipya. Ukizimwagia naitrojeni nyingi wakati huo, zitatumia akiba yao ya wanga kutoa majani, na mizizi itabaki mifupi. Uwanja utapendeza kwa picha za mwanzo wa msimu, kisha joto la kwanza likija utaanza kunyauka huku mkiulizana sababu.

#4 Jembe la Asubuhi
Nampinga MiziziKwanza kidogo. Ushauri wa kusubiri ni mzuri kwa uwanja unaofunguliwa baada ya miezi minne, lakini huyu ana wiki saba. Nyasi zilizokaa chini ya theluji muda mrefu hutoka na njaa, na mvua za myeyuko zimekwisha kuiosha naitrojeni iliyobaki. Weka gramu 25 za naitrojeni kwa mita moja ya mraba, mara moja tu, na kamati itatulia.

#5 Kipimo Sahihi
Ndugu Jembe, hapo umekosea. Gramu 25 za naitrojeni kwa mita ya mraba ni karibu na kiasi ambacho viwanja vingi vya michezo hupewa kwa mwaka mzima. Nadhani umechanganya uzito wa mbolea na uzito wa naitrojeni iliyomo.

Tuchukue dozi ndogo ya mwanzo wa msimu, gramu 2.5 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Kama mfuko umeandikwa kuwa una asilimia 20 ya naitrojeni, utahitaji gramu 12.5 za mbolea. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, kwa hiyo ni takriban kilo 89 za mbolea kwa uwanja wote. Kwa hesabu ya #4 zingekuwa kilo 892, na nyasi zingebabuka kabla refa hajapuliza kipenga.

#6 Jembe la Asubuhi
Nakubali kusahihishwa, nilikusudia gramu za mbolea. Hata hivyo hoja yangu iko palepale: dozi ndogo sasa ni bora kuliko kutoweka chochote.

#7 Fundi Ukoka
Niongeze jambo kwa wale watakaousoma uzi huu wakiwa na viwanja vya ukoka, maana wanaweza kujidhuru kwa ushauri wa nyasi nyingine. Ukoka hulala usingizi kamili wakati wa baridi na kugeuka rangi ya mkeka mkavu. Usiutangazie kifo mpaka udongo wa sentimita 10 chini ukaribie digrii 18, kwa sababu kabla ya hapo haujaamka. Kama mlipanda Lolium juu yake ili uwanja uwe kijani wakati wa baridi, sasa Lolium hiyo ndiyo adui, kwani inaukinga ukoka usipate jua na kuunyang'anya maji wakati ule ule unapojaribu kuchipua. Ikateni fupi na msiilishe. Na mkiona duara za nyasi mfu zenye mpaka unaoonekana wazi, wakati pembeni pote kumeamka, hiyo ni kuvu iliyoishambulia mizizi tangu kabla ya baridi. Madhara yake ndiyo yanayochelewa kuonekana.

#8 Beki Mstaafu
Fundi, mleta uzi ametaja aina zake za nyasi tangu mwanzo na ukoka haumo. Wewe ungeulizwa habari za nyanya ungejibu kwa ukoka.

#9 Mtunza Kiwanja
Asanteni. Vipande nimekata leo, tisa kwa jumla, vitatu kwa kila eneo. Jambo moja nililolisahau: theluji ya maegesho ya magari huwa inasukumwa na kurundikwa kwenye upande huo huo wa jukwaa wenye mkanda wa kijivu. Rundo hilo ndilo lililokuwa la mwisho kuyeyuka. Na ndiyo, kwenye maegesho huwa wanamwaga chumvi ili watu wasiteleze.

#10 Bibi Bustani
Maelezo yako ya karatasi iliyoloa yalikuwa yamekwisha kunionyesha kuvu ya theluji, na habari ya rundo inazidi kunishawishi. Ziko aina mbili kubwa. Typhula huhitaji theluji ikae muda mrefu juu ya nyasi, yapata siku 60 na zaidi, na ndiyo maana hupenda mahali paliporundikwa. Microdochium nivale haihitaji theluji kabisa. Ubaridi na unyevu vinaitosha, na mara nyingi ukingo wa kiraka chake huwa na rangi ya waridi. Piga magoti, chukua jani moja lililokufa na ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta vijipira vigumu vya kahawia au vyeusi, vidogo kama punje za ulezi, vilivyoshikamana na jani, hiyo ni Typhula.

Habari njema ni kwamba kwa kawaida kuvu hii hula majani na kuiacha sehemu ya chini ikiwa hai. Tumia reki nyepesi ya kukusanyia majani, siyo ile ya chuma, uzinyanyue nyasi zilizoshikana ili hewa ipite na zikauke. Msinunue dawa ya kuvu sasa. Dawa hiyo hupigwa kabla ya theluji kuanguka. Ukiipiga baada ya myeyuko unawasaidia wauzaji peke yao.

#11 Chumvi na Maji
Kwa heshima zote kwa Bibi, mtu amesema waziwazi kwamba rundo limejaa chumvi ya maegesho, nasi tunatafuta kuvu kwa kioo cha kukuzia. Chumvi huzuia mizizi kunyonya maji hata udongo ukiwa umelowa, na sodiamu iliyomo huvuruga udongo wa mfinyanzi mpaka vitundu vyake vinaziba. Nyasi zinazokufa kwa chumvi haziwezi kufufuliwa kwa reki. Pelekeni udongo wa mkanda huo maabara wapime chumvi, kisha mwagilieni maji mengi, mara kadhaa, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Jasi inasaidia pale tu tatizo linapokuwa sodiamu, na haina kazi ikiwa maji yenyewe hayana pa kwenda.

#12 Bibi Bustani
Ndugu Chumvi, chumvi haigandishi majani pamoja kama karatasi. Hilo ni umbo la kuvu. Sikatai kwamba vyote viwili vinaweza kuwa mahali pamoja.

#13 Barafu Mbili
Mmelishika sana eneo la pembeni, na katikati mmepasahau. Pale maji yanapotuama baridi huua kwa njia mbili. Ya kwanza ni barafu nene kukaa juu ya nyasi kwa wiki nyingi: hewa haipiti, gesi zinazotoka kwenye udongo na mimea zinajikusanya chini, na siku barafu inapopasuka unasikia harufu mbaya kama ya maji ya shimo. Ya pili haihitaji muda mrefu. Zinakuja siku chache za joto, nyasi zinadanganyika kwamba baridi imekwisha, zinanyonya maji na kuacha ule ugumu zilioujenga, kisha usiku mmoja baridi kali inarudi. Maji yaliyomo ndani ya mche yanaganda na kuupasua. Asubuhi yake bado unaona kijani. Rangi hugeuka baada ya siku kadhaa, nawe unaanza kulaumu kitu kingine.

Poa annua, ile nyasi fupi inayojipandia yenyewe, ni miongoni mwa zilizo dhaifu zaidi mbele ya barafu, na hupenda sana mahali penye maji na udongo ulioshindiliwa. Mleta uzi, inawezekana kabisa kilichokufa katikati ni Poa annua iliyokuwa imevamia, na si nyasi ulizozipanda. Kama ni hivyo, umepata zawadi.

#14 Kipimo Sahihi
Ni zawadi ya wiki mbili tu. Mbegu za Poa annua zimejaa ndani ya udongo huo, na sehemu itakayobaki tupu zitaijaza zenyewe kabla ya nyasi nyingine yoyote. Halafu kuhusu harufu ya #13, ni dalili ya njia ya kwanza peke yake, kwa hiyo ni vyema mleta uzi aseme kama aliisikia.

#15 Beki Mstaafu
Ngoja nami niseme la maana leo. Enzi zangu tulifanya mazoezi asubuhi moja juu ya nyasi zilizofunikwa na jalidi, nyeupe pee. Baada ya siku chache uwanja ulikuwa na nyayo zetu zote kwa rangi ya kahawia. Ungeweza kuhesabu vijiti vya viatu na kumtambua aliyekuwa anapiga chenga upande wa kushoto. Mtunza uwanja hakutusalimia mwezi mzima. Kwa hiyo ninauliza, mleta uzi: mbele ya magoli nani alikuwa anacheza wakati theluji inayeyuka?

#16 Mtunza Kiwanja
Harufu sikuisikia, ila nilifika siku mbili baada ya barafu kuisha. Swali la Beki limenipata. Walinda mlango walifanya mazoezi jioni mbili wakati wa myeyuko, mbele ya magoli yote mawili, kwa sababu katikati kulikuwa na dimbwi. Kocha alisema ni dakika ishirini tu.

#17 MiziziKwanza
Basi tuache kuisingizia baridi kwa eneo la magoli. Juu ni tope lililoyeyuka, chini yake ni tabaka ambalo bado limeganda. Viatu vinakata mizizi dhidi ya tabaka hilo gumu, na udongo unakandwa kama unga wa chapati. Chukua bisibisi ndefu uisukume kwa mkono kwenye kona ya uwanja, kisha mbele ya goli. Ikiingia yote kule na kugoma hapa, umeshajua kazi yako ni nini.

Dawa ya hapo ni mashine ya kutobolea, yenye mirija inayong'oa vipande vya udongo, ila uisubirie hali. Finyanga udongo kiganjani: ukitoa maji au ukiacha alama za vidole zinazong'aa, rudi nyumbani. Ukitoboa udongo uliolowa kupita kiasi, mirija inazisiliba kuta za matundu na mizizi haitapita.

#18 Jembe la Asubuhi
Lakini kuganda na kuyeyuka kwenyewe kunalegeza udongo. Kwangu kila baada ya baridi tabaka la juu huwa laini kama keki, sijawahi kutoboa mwanzoni mwa msimu.

#19 Barafu Mbili
Ulaini huo ni wa sentimita chache za juu, na mara nyingi umekuja kwa gharama: udongo ukiganda huvimba na kuinyanyua miche, mizizi ikabaki inaning'inia hewani. Kwako labda pangehitaji kupitishwa rola nyepesi ili mizizi ikae tena kwenye udongo.

#20 Beki Mstaafu
Rola tena? Dakika tano zilizopita mlikuwa mnalia udongo umeshindiliwa.

#21 Barafu Mbili
Nimesema nyepesi, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, mara moja. Wanaosawazisha uwanja kwa rola nzito wanafanya jambo jingine, nami siwatetei.

#22 Mpanda Usiku
Nimesoma uzi wote na bado hakuna aliyezungumzia mbegu kwa kirefu. Lolium perenne huota kwa siku 5 hadi 10 udongo ukiwa na joto la kutosha. Poa pratensis huchukua siku 14 hadi 28, kisha hukaa midogo kama nywele kwa wiki kadhaa kabla ya kustahimili kiatu. Kwa wiki saba, mbele ya magoli panda Lolium peke yake. Fahamu tu kwamba Lolium haitambai. Kila mche unanenepa mahali ulipo. Poa pratensis ndiyo yenye mashina ya chini ya ardhi yanayojaza mapengo, kwa hiyo mkiendelea na Lolium mwaka baada ya mwaka mtakuwa watumwa wa mbegu.

Kiasi ni gramu 30 hadi 40 kwa mita ya mraba. Eneo la kumi na nane lina mita 40.32 kwa 16.5, yaani mita za mraba 665, hivyo kilo 23 zinatosha kila upande. Mbegu iliyokaa juu ya udongo mkavu ni chakula cha ndege. Lazima ishikane na udongo.

Kwa haraka zaidi, mimi huziotesha kabla ya kuzipanda. Ninaweka mbegu kwenye gunia jepesi, ninalitumbukiza kwenye pipa la maji, ninabadilisha maji kila baada ya saa 12 na kulinyanyua gunia livute hewa. Siku ambayo ncha nyeupe zinaanza kuchungulia kwenye mbegu chache, ninazitoa zote, ninazichanganya na mchanga mkavu kidogo ili zisishikane, na ninazimwaga siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku moja ncha zinakuwa ndefu na zinakatika. Baada ya hapo ninafunika kwa kitambaa cha kuoteshea kinachopitisha mwanga na maji, na ninakifunua kila ninapotaka kukata au kukagua.

Swali moja kwa mleta uzi: kuna dawa yoyote ya kuzuia magugu iliyowekwa?

#23 Mtunza Kiwanja
Bado, ila kamati imenunua mbolea ambayo ndani yake imechanganywa na dawa ya kuzuia magugu yasiote. Mfuko umeandikwa hivyo mbele kabisa.

#24 Mpanda Usiku
Usiufungue mfuko huo. Dawa nyingi za aina hiyo hazijui gugu ni lipi na Lolium ni ipi. Mbegu yako itakufa ikiwa bado inachungulia. Zipo chache, kama mesotrione, zinazovumilia baadhi ya mbegu za nyasi, lakini lazima lebo iseme hivyo kwa aina yako.

#25 Jembe la Asubuhi
Hapa ninaungana na wote. Mbolea ndiyo niliyoitetea, siyo hiyo.

#26 Mtunza Kiwanja
Narudi baada ya siku 13. Vipande vitatu vya mbele ya goli havijatoa kitu, na bisibisi iligoma kwenye sentimita 4. Vya katikati, viwili vimechipua na kimoja kimekufa. Vya upande wa jukwaa, vile viwili vilivyokatwa karibu na mstari vina majani mapya, na kile kilichokatwa mita moja kutoka ukingo wa maegesho kimekufa. Udongo wa sentimita 5 chini una digrii 9 saa nne asubuhi. Mbegu ziko kwenye pipa tangu jana, na kamati imekubali kuubadilisha mfuko kwa mbolea ya kawaida, dozi ya #5, baada ya nyasi kukatwa mara mbili. Kocha amekubali kuwahamishia walinda mlango nyuma ya goli.

#27 Chumvi na Maji
Kilichokuwa karibu na maegesho kimekufa, vya mbali vimepona. Sina la kuongeza.

#28 Bibi Bustani
Na rundo lilikuwa nene zaidi wapi, kama siyo karibu na maegesho? Theluji ilikaa muda mrefu zaidi hapo hapo. Umetazama vijipira nilivyovisema?

#29 Mtunza Kiwanja
Nimetazama vipande vyote vitatu kwa kioo. Vijipira vya kahawia vipo vingi, Bibi, ila viko kwenye vile viwili vilivyochipua. Kile kilichokufa hakina hata kimoja.

#30 Chumvi na Maji
Peleka udongo maabara.

#31 Bibi Bustani
Nenda kakate kingine pale pale, nusu mita kando. Kipande kimoja hakitoshi kuwa ushahidi wa upande wowote, pamoja na wangu.